Mfuko Uliokataa Kupasuka

Benchi letu limeegemea kibanda cha fundi viatu, mguu mmoja umefungwa kwa waya, na habari za mtaa hupita hapo kabla hazijawafikia wenyewe. Mimi hukaa mwisho, karibu na birika la kahawa, maana masikio yangu nayo yana kazi. Asubuhi hiyo akaja Mama Mifuko, anayetengeneza mifuko kwa karatasi kuukuu. Mifuko yake ya mwisho ilipasukia mikononi mwa wateja wa Bwana Unga, mwenye mashine ya kusaga, na Bwana Unga akaapa kumpa nafasi moja tu: leo. Mama wa watu akautua mfuko katikati yetu kama bibi harusi, umejaa unga, umezibwa kwa gundi juu na chini.

— Karatasi ni ileile ya jalalani? akauliza Fundi Viatu.

— Ileile. Karatasi ikirudiwarudiwa nyuzi zake hufupika, hazishikani. Sasa binti yangu kule chuoni anasaga mgomba mpaka zinatoka nyuzi ndogo, huzioni hata ukivaa miwani miwili. Natia kidogo kwenye rojo la karatasi, zinajipenyeza, zinazishika zile nyuzi kuukuu kama wazee mkono.

— Kidole kimoja hakivunji chawa, akasema Redio, dereva mstaafu. Ndiyo maana sikuoa tena.

— Hukuoa kwa sababu walikukataa, nikamwambia. Watatu nawajua.

Kwa hasira Redio akaudondosha mfuko. Puu! Mzima. Fundi Viatu akaukalia. Mzima.

— Karatasi hii naitia kwenye soli kuanzia kesho!

— Soli tu? akadakia Redio. Mimi najenga daraja, lori lipite!

— Daraja dogo hilo. Tuunde ndege.

— Na mvua ikinyesha, ndege ya karatasi? nikauliza.

— Mvumilivu hula mbivu! Rubani atashika mwavuli.

Mama Mifuko anacheka tu, kidevu juu. Ndipo Bwana Unga akatokea. Akaubinya mfuko, akaupiga kofi, akautupa chini mwenyewe. Akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

— Haya, shemeji. Mteja anaufungulia wapi?

Tukaugeuzageuza mfuko: juu gundi, chini gundi. Redio akajaribu kwa meno, yale yaliyobaki. Fundi Viatu akavuta kona mpaka shingo ikasimama mishipa.

— Kisu ninacho ndani, akasema akihema.

— Kwa hiyo kila mfuko niuuze pamoja na wewe? akauliza Bwana Unga.

Mama Mifuko akashika kiuno.

— Bwana Unga, juzi ulilalamika inafunguka yenyewe. Leo unalalamika haifunguki. Sema kwanza: umenunua, hujanunua?

Bwana Unga hakumtazama. Alikuwa ameng'ang'ania pembe moja, Redio nyingine, visigino wamevikita kwenye ukuta wa kibanda, jasho linawatoka.

— Nimenunua, mama, nimenunua! Vuta, Redio, vuta!