Dizeli ya Kumalizia Mwaka

Kwenye basi la asubuhi, dereva wa jeshi aliyekaa mbele yangu alimlalamikia mkunga wa kando yake kuhusu mgongo.

"Siku tatu tunazungusha malori matupu uwanjani, dada. Dizeli ikibaki mwaka wa fedha ukifungwa, mwakani tunapunguziwa fungu la bajeti."

Mkunga alimgeukia. "Juzi gari letu la wagonjwa halikuwa na dizeli hata tone. Mama mmoja tulimsukuma kwa mkokoteni. Alifia njiani, na mtoto tumboni."

"Pole sana. Ila dizeli yetu haiendi hospitali. Ni fungu jingine."

"Na huko uwanjani inakwenda wapi?"

Mimi nilitazama dirishani, kama raia mwema.

Basi liliposimama langoni mwa kambi, yule dereva wa jeshi alisema, "Nisamehe, dada. Zamu yangu saa mbili." Mkunga akasogeza magoti, apite.