Mzee Nicanor Wachira Kabiru, Aliyengoja Githeri Iive

Mzee Nicanor Wachira alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 huko Chepsaita, kifungua mimba wa marehemu Mzee Kabiru na marehemu Mama Wangari, waliohamia kutoka Nyeri kutafuta shamba. Aliyemfuata ni Waiyego, dadake, ambaye ndiye anayesoma wasifu huu. Ameombwa aketi, mtu mwingine asome. Amekataa. Tarehe hazimsumbui. Machozi ndiyo hayajamjia tangu ile Alhamisi, na hajui yamekwama wapi.

Alisoma shule ya msingi pale pale nyumbani, akamaliza kidato cha nne mwaka wa 1979. Mto ulipofurika alimvusha Waiyego mgongoni, kamba za viatu akiwa amezing'ata kwa meno ili mikono imshike dada.

Tarehe 2 Mei 1983 aliajiriwa na baraza la mji wa Eldoret, na kuanzia 1992 akawa kwenye kitengo cha madeni. Baraza likageuka kaunti, yeye akabaki pale pale. Mpangaji wa nyumba za mji akilimbikiza kodi, karatasi ilibandikwa mlangoni. Siku kumi na nne zikipita, Wachira alifika na askari, na kufuli la ofisi. Lakini kabla ya kufunga aliuliza, "Kuna nini kwa moto?" Kama kulikuwa na sufuria, aliketi nje hadi chakula kiive. Deni ni la mlango, alisema, si la tumbo.

Akina mama hawakuchelewa kumsoma. Akionekana tu langoni, mahindi na maharagwe makavu yaliwekwa kwenye makaa mawili. Ofisi haikuruhusu mlango kufungwa baada ya saa kumi na moja, na githeri hiyo haikuwa na haraka. Askari Kimutai, aliye nasi hapa, alikuwa akilalamika: "Mzee, hii itaiva Krismasi! Wanatucheza." Wachira alimjibu, "Najua. Keti." Wengi walipata siku moja zaidi, na wengine siku hiyo moja iliwatosha kupata pesa.

Tarehe 24 Agosti 1985 alimwoa Tabby kanisani, wakajenga mtaani Munyaka. Mungu akawajalia Kabiru na Wangari.

Ijumaa, tarehe 6 Juni 2014, orodha ilimfikisha mtaa wa West Indies, kwa mlango wa dadake, aliyekuwa na deni la kodi ya miezi kumi na minne. Waiyego hakuogopa. Githeri ilikuwa motoni, tena kavu kabisa. Wachira hakuuliza chochote. Aliipua sufuria, akaiweka nje kwenye nyasi, akafunga saa nne asubuhi. Kimutai anasema ofisini walikuwa wameshaanza kunong'ona kwamba Wachira hatamfungia wa kwake. Waiyego hakuyajua hayo. Alichojua ni kwamba nduguye alimngojea kila mtu mjini isipokuwa yeye. Alirudi Chepsaita, na kwa zaidi ya miaka kumi hakumsemesha.

Wachira alistaafu mwaka wa 2021. Figo zilianza kumsumbua 2023. Januari mwaka huu Tabby alipiga simu: "Wifi, kuja. Anakuulizia." Waiyego alimkuta hospitalini, amebaki mifupa. Wachira alimtazama sana, kisha akauliza:

"Waiyego, ile githeri iliiva?"

"Haikuiva. Niliimwaga."

"Ningengoja," akasema. "Nilikuwa nimeona haya."

Waiyego alitaka kumwambia yameisha. Badala yake akamwambia atakuja tena wiki ijayo, na wiki hiyo akakosa kuja, kwa sababu ya kuvuna viazi ambavyo vingeweza kungoja. Mzee Wachira alituacha Alhamisi, tarehe 6 Februari 2025, saa kumi na mbili asubuhi, akiwa na umri wa miaka 63.

Ameacha mjane, Tabby, watoto, Kabiru na Wangari, wajukuu watatu, na dada mmoja.

Wageni wetu, dada huyo ndiye aliyeweka chakula cha leo kwenye moto. Ni githeri, na hakuiloweka. Tafadhali mtu asiondoke. Wachira, lala salama, yameisha. Sisi tutangoja iive.