Debe la Mtihani wa Kaimu

Mwaka ule matingatinga ya mradi wa karanga wa Waingereza yalipoanza kunyamaza Nachingwea, kijiwe chetu kilikuwa kwenye kibanda cha Spoku, fundi baiskeli. Tulikalia gogo lililong'olewa na matingatinga yayo hayo. Kahawa alipika Buli, mbishi kuliko moshi wa kuni mbichi. Jioni hiyo akaja kijana Kaimu, wa Nambambo, amenuna. Kesho yake ana mtihani wa kuingia chuo cha ualimu, mara ya pili na ya mwisho, na misemo ya Kiingereza haimkai kichwani. Akishindwa, ni jembe. Nilimwonea huruma kweli.

— Wao mtu akifa, wanasema kapiga ndoo teke, akasema Kaimu. Mvua ikizidi, eti inanyesha paka na mbwa. Nakariri usiku, asubuhi yote imetoka.

— Mie nimeendesha tingatinga na Wazungu miaka miwili, akadakia Amri. Sijaona hata mmoja akipiga ndoo.

— Si walikuwa hai! akasema Spoku.

— Haba na haba hujaza kibaba, akasema Buli. Kila Mzungu ana ndoo yake, inajaa kidogo kidogo. Siku ikijaa, anaipiga teke, huyo, kaenda.

— Na paka je?

— Paka na mbwa ndio wanaomsindikiza. Mbona jambo wazi!

Kaimu akashika kichwa.

— Sikiliza, mpwa wangu, akasema Spoku. Hayo ni maneno ya jando lao. Ya jando hayaulizwi kwa nini. Wewe si uliingia jandoni kule Nkowe? Maneno ya kule umesahau?

— Hata moja sijasahau!

— Kwa sababu uliyaimba. Lete debe!

Spoku akapiga debe. Buli akaita, "Aliyekufa?" Kaimu akaitika kwa Kiingereza, kwa sauti ya jandoni kabisa. Ndoo ikaja. Mvua ikaja na paka wake. Misemo yote ikapita, hakukosa hata mmoja, nasi tukapiga vigelegele kama wanawake.

Mara akatokea Mwamina, dada yake, kumwita kula. Debe likanyamaza ghafla, maana sauti ile ya jandoni wanawake hawatakiwi kuisikia.

— Shikamooni. Kaka, huko kwenye mtihani debe atakupigia nani?

Buli akainamisha birika, yakatoka mashapo matupu. Spoku akasema yeye atagonga baiskeli chini ya dirisha. Amri akamwambia atafungwa.

Nikatazama chini. Kidole gumba cha mguu wa Kaimu kilikuwa kinagonga vumbi polepole, mapigo ya debe yale yale, na midomo kaifunga.

— Twende tukale, akamwambia dada yake. Kesho naingia mtihanini peku.