Dada Aliyeuchora Mtaa Wetu kwa Rangi Nyekundu

Nimepewa kusoma wasifu huu kwa kuwa mimi ndiye mdogo wake wa pekee. Mkiona nakwama, nivumilieni.

Marehemu dada yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1994 katika nyumba yetu ya kando ya mto. Alikuwa kifungua mimba wa marehemu baba, fundi seremala, na mama yetu mnayemwona hapa mbele.

Alisoma shule ya msingi ya jirani, kisha sekondari ya bweni, na mwaka 2017 akahitimu shahada ya jiografia. Shahada ya pili, ya mifumo ya taarifa za kijiografia, aliimaliza mwaka 2020. Mama alitangaza kwamba mwanawe amesomea ramani, basi kila mwenye ugomvi wa mpaka wa kiwanja akawa anabisha hodi kwetu.

Januari 2021 aliajiriwa kuwa mtafiti msaidizi. Katika ramani yake ya kwanza aliingiza latitudo mahali pa longitudo, na shule zote za wilaya zikatokea katikati ya bahari. Wenzake wakambandika jina la Nahodha. Yeye ndiye aliyecheka kuliko wote.

Kazi aliyoipenda ilikuwa ya mafuriko. Kwa picha za setilaiti na vipimo vya mwinuko, alionyesha mto utafika wapi mvua zikizidi. Mtaa wetu ulitoka mwekundu mtupu. Ramani ilipobandikwa ofisi ya mtaa, wapangaji wa mama wakahama mmoja mmoja.

"Mwanangu, si ungeturuka tu sisi?" mama alimwuliza.

"Ningewaruka vipi, mama? Na ndipo mnapolala."

Walinuniana kweli kweli. Mimi nikawa napeleka salamu kutoka sebuleni hadi jikoni na kurudisha majibu.

Hakuolewa. Posa zilikuja mbili. Akawaomba wamsubiri amalize utafiti, nao hawakusubiri.

Agosti 2023 alianza kuchoka ovyo na kutokwa damu puani. Madaktari wakasema ni saratani ya damu. Tulihangaika huku na huku, na haikusaidia kitu. Hospitalini hakuuliza habari za dawa, aliuliza habari za nyumba.

"Mama, hamia kwa mdogo wangu kabla ya mvua."

"Ukipona, tutahama wote," mama akamjibu.

Alifariki asubuhi ya tarehe 9 Februari 2024, mama akiwa amemshika mkono.

Ameacha mama, mimi, wifi yake mmoja na binti yetu mdogo aliyempenda shangazi yake kupita kiasi. Mama bado analala pale pale kando ya mto. Nikimwambia ahamie kwangu, ananijibu, "Tulikubaliana akipona." Nimeomba, nimegomba, nimelia. Nimeshindwa. Na mvua, wanasema, ni mwezi ujao.

Mama, nasema mbele ya watu wote hawa: dada hatapona tena. Twende kwangu leo.

Mungu ampumzishe dada yetu, na aulainishe moyo wa mama.