Bodil Ravnkilde na Amri Elfu Moja na Mia Nne

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, Bodil Ravnkilde anastaafu tarehe 30 Septemba. Alikuja hapa mjini Aarhus akiwa na shahada ya hesabu na baiskeli mbovu, akakabidhiwa maktaba ya Havre, lugha yetu ya kuandikia programu za kompyuta: zile amri zilizo tayari ambazo kila mwandishi wa programu huzikuta na kuzitumia bila kujua nani kazitengeneza.

Wabunifu wetu hupenda vitu vipya. Kila walipotaka kipengele kipya kiingizwe kwenye maktaba, Bodil aliwauliza, "Na wale wenye programu za zamani, mmewaambia?" Walimnunia, wakambandika jina la Breki. Akaliandika mlangoni mwake kwa herufi kubwa.

Lakini akikubali, amekubali. Kilipokuja kipengele cha kutia alama kila amri inayoweza kurudisha jibu tupu, ili programu zisianguke ghafla, alitaka amri zote 1,400 zipitiwe na watu wawili: mmoja asome na kutia alama, wa pili ahakiki.

Mimi nilikuwa na miezi miwili kazini, bado niko kwenye majaribio. Nikapewa amri za tarehe, mhakiki wangu akiwa Bodil. Toleo jipya likatoka Jumatatu. Kufikia saa nne asubuhi, ratiba ya vivuko vya kampuni moja ilikuwa imekwama: amri niliyothibitisha kwamba hairudishi tupu, ilirudisha. Bodil akaliondoa toleo lile saa ile ile.

Kwetu, aliyeharibu huleta keki siku ya Ijumaa na kueleza kosa lake kabla haijakatwa. Ijumaa ile nilikuja na barua ya kuacha kazi mfukoni. Bodil akaingia na keki ya tufaha, imeungua upande mmoja.

"Hili langu, jamani," akasema. "Nilihakiki huku nasinzia. Kateni basi, mbona mnanitolea macho?"

"Leo Breki imekatika!" mmoja akadakia, na watu wakacheka mpaka basi.

Kisha akanigeukia. "Gorm, Jumatatu tunaanza upya. Wewe utasoma kwa sauti, mimi nasikiliza."

Tulisoma miezi saba, amri moja moja. Toleo la pili lilipotoka, vivuko vilikwenda kama kawaida.

Sasa kwa kuwa hawezi tena kuninyamazisha, niseme. Hakusinzia. Alikuwa ameniandikia pembeni, "Hii isome tena." Nami, kwa uvivu na haraka, nilijibu kwamba nimesoma, na sikuwa nimesoma. Jibu langu lingali kwenye kumbukumbu za kazi, na yeye aliliona kabla ya mtu mwingine yeyote. Miaka kumi na tatu hajanitajia hata kwa utani. Leo ananikabidhi maktaba.

Bodil, sisi sote tunakushukuru, na tunakuombea ustaafu wenye afya na furaha tele. Mimi nakupenda, nalisema bila haya. Amri ulizoniachia nitazisoma, zote.