Ukuta Uliopita Katikati ya Karne

Kaeni, wanangu, kaeni karibu na kitanda, na wewe kijana wangu mkubwa uzime hiyo simu, maana sauti yangu imebaki kidogo na sina nguvu za kushindana nayo. Binti yangu na akae hapa upande wa kichwani, anipe maji nikimwashiria, na asinikataze kusema, kwa sababu daktari mwenyewe alishanong'ona pale mlangoni kwamba niseme nisiseme mambo ni yale yale, naye alidhani sisikii. Nasikia sana. Akili zangu ni timamu, namjua anayelia na anayejikaza, na ninajua mlichojenga wakati nimelala.

Nitaanza na hilo, maana ndilo lililoniamsha. Homa iliponiangusha mkadhani sitaamka tena, na siwalaumu kwa kudhani hivyo, hata mimi nilishakata tamaa, lakini masikio yangu hayakulala. Nilisikia mwiko ukikwangua karai. Nilisikia wanangu wawili, mmoja fundi ujenzi na mwingine muuza matairi, wakibishana kwa sauti ya chini uzi wa kunyooshea ukuta upite wapi, tena kwa adabu ambayo sijawahi kuisikia kwenu tangu mkiwa wadogo, nikajua basi, kuna kitu kinagawanywa. Nilipofumbua macho nikamwomba dada yenu afungue mlango nikione chumba changu cha marudio, akaanza kulia kabla hajaufungua, na ulipofunguka nikakutana na matofali.

Mnakijua chumba kile, mmejifunzia kutembea humo. Mama yenu, Mungu amrehemu, ndiye aliyepaka ule ukuta mrefu rangi ya krimu, nami nikaanza kuchora dunia kuanzia mlangoni. Nilianza na watu wa mito: wale walioandika kwenye udongo mbichi, wale wa Misri, wale wa bonde la Indus ambao miji yao ilikuwa na mifereji mizuri kuliko ya mtaa huu na maandishi yao hayajasomwa na mtu mpaka leo, na Wachina kwenye mto wao wa manjano. Wakafuata Wagiriki, wakafuata Warumi, wakaja Waaksum wa Uhabeshi na sarafu zao, Baghdad na wafasiri wake, Mali na dhahabu yake, ikaja tauni nyeusi iliyosomba watu kama takataka, na mwisho kabisa kule konani Renaisansi, pale Ulaya ilipoanza kufukua vitabu vya kale, vingi vikiwa vimetunzwa na watu wengine. Kila mwaka kabla ya mitihani watoto wa mtaa mzima walijaa humo, tukatembea nao kando ya ukuta kutoka mitoni hadi konani, na ndiyo sababu watu wananiita Mwalimu Marudio, mpaka mwenye duka hapo chini hajui kama nina jina lingine.

Na kila tulipofika kwenye dola mpya tulisimama tukaulizana: nani alikula hapa, nani alibeba, nani aliandika? Mnayakumbuka maswali hayo, mliyaimba mkiwa mnaoga. Tukishayajibu, niliwaambia kwa mdomo jinsi warithi walivyogawana. Niliwasimulia yule kijana wa Makedonia aliyeteka nusu ya dunia akafa kwa homa kama yangu hii, majemadari wake wakararuana kwa miaka mingi juu ya alichoacha. Niliwasimulia wajukuu wa mfalme wa Wafaranki, ndugu watatu wa baba mmoja, waliopigana mpaka wakachoka, ndipo wakakaa chini kupasua nchi ya babu yao. Watoto walikuwa wakicheka hapo. Nami nilicheka nao, nikiamini kwamba mambo hayo ni ya wafalme, na kwamba mwalimu mwenye nyumba ya bati hana cha kugombewa.

Niambieni sasa, uzi ule mlitaka upite wapi? Mmeukata ulimwengu pale Roma inapoanguka. Fundi amebaki na mito, Misri, Wagiriki na Warumi. Mdogo wake amepata Aksum, Baghdad, Mali, tauni na Renaisansi, akatoboa mlango wake wa barabarani, na leo matairi yameegemezwa juu ya Baghdad. Msicheke. Au chekeni, mimi mwenyewe nilicheka nilipoambiwa.

Dada yenu hakunishtakia, nimemlazimisha kusema. Wiki iliyopita watoto walikuja kwa marudio kama kawaida, naye ndiye anayewafundisha tangu miguu yangu iliponikataa. Akawafundisha mpaka Roma, wakakuta tofali. Akawatoa nje, akawazungusha barabarani kwenye jua hadi mlango wa pili, na huyu mdogo wa matairi akawaambia wasubiri kwanza apakue mzigo. Walisubiri mpaka wakachoka wakarudi makwao, na binti mmoja mdogo akamvuta dada yenu nguo akamuuliza, "Mwalimu, kwani baada ya Roma watu wote walikufa?" Alinisimulia huku akicheka, akageukia ukutani kufuta macho kwa kanga. Mimi nililia wazi, sina haya tena ya kulia.

Maji, mama. Inatosha.

Sasa sikilizeni neno la nyumba. Wewe mkubwa umesema, na usikatae maana umelisemea hapa hapa juu ya kichwa changu, kwamba dada yako amekaa kwa baba akala bure miaka yote na hivyo fungu lake ameshalila. Na wewe mdogo umesema kaka yako alisomeshwa ufundi kwa pesa za mama na wewe ukaachiwa kubahatisha. Haya, tuulizane kama tulivyoulizana ukutani. Nani alikula katika nyumba hii? Sote tumekula, hakuna aliyelala njaa. Nani aliandika? Ninyi wawili mnaandika sasa hivi, na mnaandika kwa saruji. Nani alibeba? Itazameni mikono ya dada yenu. Mama yenu alipougua alibebwa na yeye, na mimi nabebwa na yeye, ananigeuza, ananisafisha, na usiku nikipiga kelele ndiye anayeamka. Kwa hiyo nasema mbele yenu wote watatu, na jirani aliyesimama hapo mlangoni ni shahidi: chumba cha marudio chote, kuanzia mitoni hadi kule konani, ni cha binti yangu, afundishe humo maadamu ana sauti. Vyumba vya nyuma ni vya mkubwa, vya upande wa barabara ni vya mdogo, ua ni wenu wote. Na ukuta ule ubomolewe.

Wanangu, nimeyapitia haya yote mwaka baada ya mwaka mbele ya watoto wa watu, na ninawaambia ukweli unaoniuma: sikumbuki warithi waliojenga mpaka kati yao kisha wakaubomoa kwa hiari yao baba akiwa bado anapumua. Husubiri. Husubiri mpaka aje mgeni aubomoe na achukue pande zote mbili. Ndivyo nilivyofundisha, na ninaogopa nilifundisha vizuri. Ninaogopa, wanangu. Kufa hakunitishi kama hicho.

Kuna jambo jingine, nalo ni dogo, nililiona jana nilipokuwa nimetulia. Mlango wa chumba hiki unafungukia kule kwenye chumba cha marudio, na ukuta wenu umepita karibu mno na mwimo. Wote mmeingia kwangu kiubavu leo. Dada yenu anainua beseni juu ya kichwa ndipo apite. Wewe fundi umejengea watu maghorofa, unajua upana wa kila kitu, ulipima sebule, ukapima madirisha, ukapima hata mahali pa kupanga matairi ya mdogo wako. Hukupima jeneza. Mimi nimelipima kwa macho, nikiwa nimelala hapa, na halipiti. Hata mkiliinamisha halikati kona ile.

Kwa hiyo hamna ujanja. Itabidi muubomoe siku ya kunitoa, mbele ya waombolezaji, kwa nyundo, vumbi likiwaangukia wageni. Ninaomba msifikie hapo. Ubomoeni mimi nikiwa mzima, nisikie tofali la kwanza likianguka, nitawasamehe palepale na, zaidi ya jirani huyu, hakuna mtu wa nje atakayejua. Nyundo iko chini ya ngazi. Aanze mkubwa kwa kuwa ndiye aliyejenga, mdogo amshikie taa, na dada yenu... dada yenu apumzike, kwa mara moja apumzike.

Ngojeni, pumzi... Haya.

Mzikeni mama yenu na mimi kwa amani, yaani mnizike kando yake, msinichanganye. Msinunue jeneza la fahari. Watoto wa marudio waje, wasifukuzwe. Mungu awape nyumba zisizo na hofu, awape watoto watakaowasikiliza kuliko mlivyonisikiliza, awalinde na... awalinde nyinyi kwa nyinyi. Nimewapenda wote watatu, sikuwahi kuwapima. Nimemaliza.

Mdogo ameshasimama. Ahsante, baba, ahsante, chini ya ngazi, ndiyo... Na wewe mkubwa... simama na wewe. Nyundo inaletwa.

Simama, mwanangu.

Mbona... mbona unalipima dirisha kwa macho?