Dada Aliyechagua Kovu la Zamani

Wasikilizaji wapendwa, habari za jioni. Hadithi ya leo hakuna anayeijua vizuri kuliko mimi. Ni ya dada yangu, na mimi ndiye niliyemshika mkono hadi mlango wa chumba cha upasuaji. Mama yetu yuko hapa studio. Nimemletea glasi ya maji, hajaigusa.

Dada alikuwa fundi cherehani. Alishona sare za shule. Pini mdomoni, futi shingoni, na bado alipata nafasi ya kunisema. Aliniita Kasuku. "Kasuku, wewe ukifa watakuzika leo, mdomo wataurudia kesho."

Uzazi wa kwanza alipasuliwa kwa haraka, wima, kutoka kitovuni kushuka. Kovu likabaki nene. Mimi nikaliita zipu. Alicheka, lakini kulipenda hakulipenda. Kioo cha karakana yake kilikuwa cha wateja tu; yeye hakujitazama.

Mimba ya pili ilipokua, akamwambia daktari, mama mmoja wa makamo: "Safari hii nikate mlalo, chini kabisa. Kama pindo, lisionekane."

Daktari akaweka picha ya kipimo mezani. Kondo la nyuma lilikuwa limeng'ang'ania kovu la ndani, lile la kwenye kizazi. "Mlalo naweza, mwanangu. Lakini damu ikizidi, nitabanwa. Nikipita kwenye kovu la zamani, naweza kurefusha kwenda juu nikapata nafasi."

"Na mtoto?"

"Mtoto nitamtoa kwa vyovyote. Ninayemhofia ni wewe."

Dada akapitisha kidole juu ya meza kama anayechora kitambaa kwa chaki. "Basi pita palepale. Sijawahi kumbana mteja, sitambana daktari."

Narudia, wasikilizaji wapendwa: alichagua kovu asilolipenda, ili arudi nyumbani kwa watoto wake. Mtoto alitoka akilia. Kizazi kikaondolewa. Damu haikukoma. Dada hakuamka.

Shemeji yangu, pole. Wapwa wangu wawili, poleni. Mama, pole. Nawe unayenisikiliza, kama nyumbani kwako kuna aliyewahi kupasuliwa na sasa ana mimba, mpeleke mapema akaulize kovu lake la ndani limekaaje. La nje halisemi yote. Mimi nitamkumbuka pale mlangoni, mkono wake mkononi mwangu, akiniambia, "Kasuku, waambie wafungue zipu."

Subirini kidogo. Mama anavuta kipaza sauti.

"Mwanangu, ya zipu aliniambia mimi. Mkono ulikuwa wangu. Wewe ulikuwa kule kwenye ngazi, umeziba masikio. Aligeuza kichwa kitandani akauliza, 'Kasuku yuko wapi, mbona kimya?' Nikamwambia umekwenda kuniletea maji."